Kipa wa Mvua

Jumamosi, 1 Oktoba 1994

Daftari hili nililinunua niandikie vipimo vya mabango ya wateja. Ukurasa wa kwanza una vipimo vya duka la dawa, wa pili vya kinyozi. Kuanzia huu wa tatu naandika mambo yangu, maana leo nimepata furaha ambayo nikimsimulia mtu wa kawaida ataniona nimerukwa na akili.

Juzuu ya tatu imefika!

Nieleze vizuri, ili hata nikizeeka nikisoma nielewe. Tuko watatu. Pius Okech, Mjaluo wa Shirati, ana kibanda cha vitabu chakavu hapa Igoma. Anavichambua kwenye marobota ya mitumba, kwa sababu Wazungu wakifungasha nguo zao kuukuu hutupia humo na vitabu. Suzana ni mwalimu wa shule ya msingi kule Kiseke, mwenye miwani na ulimi mkali. Mimi ni Mihayo, fundi wa mabango. Kila Jumamosi mchana tunakaa kwenye benchi la Okech tukizungumza habari za Haldreni kana kwamba ni wilaya inayopakana na Magu. Haldreni haipo popote. Ni nchi ya hadithini, ya Kiingereza, juzuu tatu nene kama matofali, zenye wafalme, majoka, farasi na vita visivyokwisha. Mbili za kwanza tumezisoma mpaka zikang'oka majalada. Ya tatu tumeisubiri mwaka na nusu, na leo Okech kaikuta ndani ya robota la makoti.

Wameniachia nianze mimi, kwa kuwa nataka kuiga jalada. Wiki mbili, kisha Suzana, kisha Okech mwenyewe. Jalada lenyewe ni kama hivi: mlima mweusi, anga jekundu, mwanamfalme Kelvani juu ya farasi, na pembeni, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, yule bibi kizee Odruni amekumbatia chungu. Mdomoni mwa chungu kinachungulia kiwingu. Macho ya bibi ni mekundu kabisa. Nimeyatazama kwa kioo cha kukuzia cha Okech hadi nikaogopa.

Jumatano, 5 Oktoba

Ukurasa wa sitini. Kiingereza cha juzuu hii ni kigumu kuliko cha zile mbili, au mimi nimezidi kuwa mjinga. Joto, vumbi, na rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika ukutani.

Ijumaa, 7 Oktoba

Ukurasa wa mia na kumi. Maelezo ya milima nimeyaruka.

Jumamosi, 8 Oktoba

Leo nimesema uongo. Nauandika ili usinizoee.

Mazungumzo yalianza vizuri. Okech alishika jalada akasema, "Mimi jalada ndio shahidi wangu. Mchoraji hawezi kupewa kazi kabla hajasoma kitabu."

Suzana akacheka. "Mchoraji wa juzuu ya pili alichora joka lenye miguu minne. Kitabuni lina miwili. Alisoma kwa miguu yake?"

"Labda miwili mingine iliota baadaye."

"Okech, joka si kiluwiluwi!"

Tulicheka mpaka muuza mahindi wa jirani akauliza nani kaoa. Halafu Suzana akanigeukia. "Na wewe fundi, umefika wapi?"

Nilikuwa ukurasa wa mia na arobaini, kati ya mia tano na kitu. Sijui ni ile miwani yake au ni namna alivyouliza, kama anavyomuuliza mtoto wa darasa la tatu. Nikajibu, "Nimemaliza."

"Kurasa mia tano kwa wiki moja?"

"Nilijifungia."

Wakaruka kwenye benchi. Haya, sema, Odruni ni nani hasa? Mwema au mbaya? Hilo ndilo tumebishania mwaka na nusu. Sasa, kwenye ukurasa wa mia na thelathini na mbili askari wa mfalme wanamtaja kwa cheo, "keeper", yaani kipa wa mvua. Kamusi sina. Lakini kipa nani asiyemjua? Mimi mwenyewe nimedaka mpira wa mtaa miaka minne. Kazi ya kipa ni kuzuia. Basi nikawaambia kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho yake: Odruni ndiye adui. Mchawi. Mvua yote ya Haldreni kaizuia, kaifungia ndani ya kile chungu, nchi inakauka watu wanakufa.

"Lakini juzuu ya pili alimpa Kelvani mkate wake wa mwisho," Suzana akasema.

"Alikuwa anamtega."

Hilo nililitunga palepale. Okech alipiga paja kwa furaha. Suzana alinitazama kwa juu ya miwani na kuuliza kwa Kiingereza wameandikaje, nikamwambia hivyo hivyo, kipa. Nilijisikia mtu mkubwa njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilipofungua mlango na kukiona kitabu kitandani, na kile kijiti cha alama kimechomekwa mwanzoni mwanzoni, niliona haya hata mbele ya kitanda.

Jumatano, 12 Oktoba

Okech hana siri. Leo Machibya, mwenye kibanda cha video, amenifuata. Kumbe Haldreni imetengenezewa filamu! Mkanda unakuja na treni kutoka Dar. Machibya ndiye anayetafsiri filamu zake mwenyewe kwa kipaza sauti, na Kiingereza chake ni cha kukisia, ndiyo maana kwenye kibanda chake Wachina na Wamarekani wote wanaongea kama makonda wa Igoma.

Anataka nichore ukuta mzima unaotazama barabara ya Musoma.

"Nitakuchorea Kelvani juu ya farasi," nikamwambia.

"Mashujaa wamejaa, fundi. Mimi nichoree adui. Okech kaniambia kuna bibi anafunga mvua. Huyo! Mtu akipita ageuze shingo hadi iteguke."

Nilikubali kabla hajamaliza. Ukuta wa mita nane, barabara kuu, na kazi ya Haldreni. Nani angekataa?

Ijumaa, 14 Oktoba

Uso wa kwenye jalada ni mdogo mno. Nikiukuza unakuwa doa. Nahitaji uso wa mtu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Nyuma ya chumba changu anakaa mjane mmoja, Mayu Ng'washi, yaani Mama Ng'washi kwa Kisukuma. Anakausha mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Anaibanika juu ya vichanja kutwa nzima, na moshi umemla macho miaka na miaka hadi yamekuwa mekundu. Nilipougua malaria mwaka jana ndiye aliyenipikia uji siku sita. Kila mtu mtaani anamwamkia.

Leo nilimwendea na karatasi. "Shikamoo, mayu."

"Malahaba, baba. Umekonda."

Nikamwambia nataka kumchora kwa ajili ya picha ya sinema.

"Mimi? Kizee kama mimi unichole?" Akacheka akifunika mdomo. "Picha ya nani hiyo?"

Ningeweza kusema ni ya bibi mmoja wa hadithini. Ningeweza kusema sijui. Nilisema, "Ya malkia, mayu."

Akaniambia nisubiri. Aliingia ndani akakaa muda mrefu, akatoka amejifunga kitenge chake cha kanisani na kilemba cheupe, akakaa kwenye kigoda na kunyoosha shingo. Saa nzima hakutikisika. Nilimpa sufuria akumbatie badala ya chungu, akaikumbatia bila kuuliza. Moshi ulipomwendea hakupangusa macho, asije akaharibu kazi yangu. Mchoro umetoka vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Jumanne, 18 Oktoba

Mvua! Ya kwanza, kubwa, tangu asubuhi hadi saa nane. Watu wote wenye vishamba kando ya barabara wameshika majembe. Nimefunika ukuta kwa turubai.

Jumamosi, 22 Oktoba

Ukuta umekwisha. Machibya alinitajia maandishi ya kuweka: KIPA WA MVUA, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na chini yake MCHAWI ALIYEIKAUSHA HALDRENI. Nilimwomba tuache lile neno la mchawi. Akasema bila hilo neno nani ataingia.

Watu walijazana. Haikupita dakika moja mtu akapiga kelele, "He! Si Ng'washi huyu?" Kicheko kikapita barabara nzima. Nami nilicheka. Naandika tena: nami nilicheka. Okech alinipiga mgongoni akasema jalada la Mzungu halifui dafu mbele ya langu.

Suzana peke yake hakucheka. "Alikuruhusu?"

"Alikaa mwenyewe kwenye kigoda."

"Sijauliza kama alikaa."

Jioni jioni hivi Mayu Ng'washi alikuja mwenyewe, polepole, akisogeza uso karibu na ukuta kwa sababu kwa mbali haoni vizuri. Kusoma hajui. Akapapasa kilemba nilichomchorea. "Umenitendea haki, baba. Wabeja," akanishukuru kwa Kisukuma. Nyuma yetu kuna watu walikuwa wameziba midomo kwa kanga.

Jumanne, 25 Oktoba

Suzana anadai kitabu chake, zamu yake imepita. Nimemwambia bado naiga jalada. Sijafungua ukurasa hata mmoja tangu siku ile niliyosema nimemaliza.

Jumamosi, 29 Oktoba

Filamu. Kibanda kilijaa hadi watu wakakaa juu ya mabega.

Sisi watatu tuliteseka kwa sababu zetu. Kelvani wa kitabuni ana nywele nyeusi, wa filamu ana nywele za njano kama ndevu za mahindi machanga. Juzuu tatu wamezikamua kwa saa moja na nusu. Vita vya Mlango wa Nne havimo kabisa! Joka lilipotokea, kamba inayolivuta ilionekana, na Okech akasema kwa uchungu wa kweli, "Miezi kumi na minane nimeliota joka hili, kumbe ni mamba amevishwa turubai."

Odruni alitokea mara tatu. Mwishoni askari walimzunguka, akasema maneno marefu kwa sauti ya chini, wakamnyang'anya chungu, wakakipasua, naye akaanguka. Papo hapo mvua ikanyesha juu ya Haldreni na watu wakacheza. Machibya kwenye kipaza sauti alikuwa amepandwa na mzuka: "Huyo huyo kipa! Mtoeni golini! Ng'washi, umefungwa bao!" Kibanda kizima kikalipuka.

Suzana alisimama. "Machibya, hakusema hivyo! Rudisha nyuma, kuna neno alisema!"

"Kaa chini, mwalimu, hapa si darasani."

Alikaa. Aliniangalia mimi, akingoja niseme kitu, kwa kuwa kati ya watu wote mle mimi ndiye niliyemaliza kitabu. Nilijifanya natafuta kiatu.

Jumamosi, 5 Novemba

Hakuna mvua tangu ile ya tarehe kumi na nane. Watoto wakipita nyuma ya nyumba wanaimba, "Kipa, kipa, fungua lango!"

Jumatano, 9 Novemba

Jua.

Alhamisi, 10 Novemba

Mayu Ng'washi aliniita kwenye vichanja vyake. Mapanki ya jana yalikuwa bado yamejaa, hakuna aliyenunua.

"Baba, wananiita Kipa. Wewe umesoma. Kipa ni nini?"

"Ni jina la heshima, mayu."

Akanitazama na yale macho. "Haya," akasema, akageuza samaki.

Jumamosi, 12 Novemba

Mahindi ya kando ya barabara yaliota kiganja kimoja na sasa yanajikunja. Kwenye benchi la Okech hatukuzungumza Haldreni. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua daftari alisema, bila kucheka hata kidogo, kwamba kule kwao mtu wa macho kama yale haachwi mtaani hadi msimu wa mvua umkute. Okech akamwambia ni moshi tu, mama. Yule mwanamke akajibu, "Sisi wote tunapika kwa kuni."

Nimempa Suzana kitabu. Kijiti cha alama nilikuwa nimekitoa.

Jumatano, 16 Novemba

Mawingu yalikusanyika juu ya ziwa, yakaenda upande wa Ukerewe. Mtaa mzima ulisimama nje kuyasindikiza kwa macho, kisha nikaona vichwa vikigeukia uchochoro wetu.

Jumamosi, 19 Novemba

Vichanja vya Mayu Ng'washi vimechomwa. Alikuwa kanisani kwenye usafi. Aliporudi alikuta majivu na mifupa ya samaki, na juu yake vigae vya chungu kilichopasuliwa. Ni chungu chake mwenyewe cha maji. Nilimkuta anaokota vigae kimoja kimoja na kuviweka kwenye kanga.

Hakulia. Aliniuliza, "Chungu wamekivunjia nini? Samaki najua hawawataki. Chungu kimewakosea nini?"

Mimi ninajua kilichokosea. Kila aliyeona filamu anajua. Yeye tu ndiye hajui, na sikumwambia.

Mzee wa mtaa ametangaza mkutano Jumanne.

Jumapili, 20 Novemba

Suzana alikuja moja kwa moja kutoka misani, kitabu mkononi, amekifungua ukurasa wa mia nne themanini na saba. Hakukaa.

"Nisomee hapa."

Nilisoma nikigugumia. Alininyang'anya akasoma mwenyewe, kisha akanieleza kwa Kiswahili, polepole. Mfalme alitaka kuitumia mvua vitani, awazamishe maadui zake hadi tone la mwisho, na nchi ife nyuma yake. Odruni akaificha kwenye chungu asiipate. Alikaa nayo miaka thelathini pangoni, karibu na moto ili isigande, na moshi ndio uliomharibu macho. Askari walipomzunguka alikivunja chungu mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu mfalme alikuwa amekufa na wakati ulikuwa umefika. Mvua ikanyesha. Kelvani akampigia magoti. Kitabu kinaishia hapo, Kelvani amepiga magoti.

"Kipa," Suzana akasema. "Kipa wa mvua! Mihayo, ni mtunza mvua. Mwenye kutunza. Umecheza mpira hadi ukasahau kwamba watu huwa wanatunza vitu?"

Nilichukua kitabu nikalitafuta lile neno, nikalikuta.

"Ulifika ukurasa wa ngapi?"

"Mia na arobaini."

Alikaa chini sasa, kwenye kopo langu la rangi. Afadhali angenitukana. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu na upindo wa gauni.

"Na ukatuangalia usoni, mimi na Okech, tuliokusubiri."

"Niliona aibu kusema sijamaliza."

"Aibu hiyo ungeimaliza kwa siku moja."

Alipoondoka alisema kitu kimoja: Jumanne niende nikaseme yote. Nimeapa nitakwenda.

Jumatatu, 21 Novemba

Nimepaka ukuta chokaa, wote, mita nane. Machibya alinitukana matusi yote anayoyajua na mengine akayatunga. Nilifikiri ninasaidia. Wapita njia walisimama wakanong'ona, na hadi saa kumi habari zilikuwa zimezunguka mtaa: fundi ametokewa na Ng'washi, ameogopa, amefuta.

Jumanne, 22 Novemba

Mkutano ulikuwa saa nne, kwenye kiwanja cha mpira, jua la kupasua kichwa. Watu kama mia mbili. Mayu Ng'washi alikaa chini peke yake mbele, miguu ameinyoosha, amevaa kile kitenge cha kanisani. Vumbi lilikuwa linamuumiza macho na alikuwa anayapangusa, na nyuma yangu mtu akasema, tazama anavyojiliza.

Walisema mengi na sitayaandika yote. Mmoja alidai ng'ombe wake amekauka maziwa. Mwingine alisema moshi wa mapanki ndio unaofukuza mawingu. Hakuna aliyetaja filamu, hakuna aliyetaja ukuta. Walikuwa wamesahau jambo lilianzia wapi. Walikuwa wanaamini wamejua siku zote.

Mzee wa mtaa akaniita. "Fundi, ulisimama kuchora ukuta ule. Ulimchora nani?"

"Nilimchora mtu wa kitabuni, mzee. Bibi wa hadithi. Hayupo duniani."

"Basi kwa nini sura ni ya huyu?"

Jibu nilikuwa nalo. Kwa sababu anakaa nyuma ya chumba changu. Kwa sababu ni mpole na nilijua hatakataa. Kwa sababu nilimdanganya kwamba ni malkia. Kwa sababu kitabu sikukisoma na nilitaka watu wawili wanione nimesoma. Nimeyaandika hapa kwa dakika mbili. Pale kiwanjani watu mia mbili walinitazama, na kilichotoka kilikuwa maneno mawili:

"Macho yalifanana."

Niliusikia umati ukivuta pumzi. Yalifanana. Fundi mwenyewe kasema yamefanana na ya mchawi.

Nilijaribu kuendelea, nikasema sikumaanisha hivyo, lakini hakuna aliyekuwa ananisikiliza. Suzana alipenya katikati ya watu na kitabu kikubwa kifuani. Alisoma ule ukurasa wote, sentensi kwa sentensi, akitafsiri, kwa sauti yake ya darasani. Mtunza mvua. Aliwaeleza neno kipa, nilivyolikosea. Aliwaambia ni mimi niliyekosea, akanitaja kwa jina, na nilimshukuru moyoni kwa kunifanyia nilichoshindwa.

Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza mzee mmoja akanyanyua mkono. "Mwalimu, ahsante. Kwa hiyo hata hicho kitabu chako kinakubali kwamba mvua alikuwa nayo yeye."

Suzana alifunga kitabu.

Uamuzi: ahame kabla ya Jumapili, kwa usalama wake. Ndivyo mzee wa mtaa alivyosema, na nadhani kwa upande wake alikuwa anamwokoa, kwa sababu nyuma kule vijana walikuwa wanataka kingine. Mayu Ng'washi aliuliza swali moja tu, kama anaweza kubeba kuni zake. Akaambiwa anaweza.

Ijumaa, 25 Novemba

Okech amefunga kibanda wiki nzima. Alinikuta njiani akasema, "Mimi ndio nilimpelekea Machibya maneno." Nikamwambia maneno yalikuwa yangu. Tukaagana.

Jumamosi, 26 Novemba

Nilimbebea mizigo hadi kivukoni. Binti yake yuko Sengerema, ameolewa, nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Mizigo ilikuwa godoro, sufuria, mafungu mawili ya kuni. Suzana naye alikuja, akabeba kuni kichwani akiwa na sketi yake ya ualimu.

Tukisubiri geti lifunguliwe nikamwambia Mayu Ng'washi. Yote, tangu ukurasa wa mia na arobaini. Neno malkia nililisema nikitazama kuni.

Akanisikiliza akitazama maji. "Nilijua, baba. Kusoma sijui, lakini masikio ninayo. Siku ile ile ya ukuta watoto walinisomea njiani."

"Mbona hukuniuliza, mayu?"

"Nilikuuliza." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Nilikuuliza kipa ni nini. Nikasema, huyu ni mwanangu, nimempikia uji, nimpe nafasi aseme mwenyewe. Ukaniambia ni jina la heshima. Nikakuacha."

Akapanda kivuko. Suzana alimsaidia kukaa, kisha akashuka. Mimi nilibaki kwenye mchanga.

Hakijafika katikati ya maji nilisikia upepo umegeuka. Mawingu yalitokea nyuma ya kisiwa cha Saanane, meusi, na tulipofika Igoma mvua ilikuwa inamwagika kama imekatiwa kamba. Watu walikuwa nje wamelowa, wanawake wanapiga vigelegele, vijana wanateleza kwenye matope. Suzana alisimama katikati ya barabara, miwani imejaa maji, akasema, "Mungu wangu, si leo. Ingekuwa kesho. Ingekuwa jana." Ndipo alipoanza kulia, na mimi pia.

Jumatano, 30 Novemba

Mvua. Siku ya tano.

Jumamosi, 3 Desemba

Machibya amekuja na keki na uso wa sikukuu. Anataka nichore ukuta upya, bibi yule yule, kwa sababu watu wanataka kuiona tena filamu, wanaleta ndugu zao hadi kutoka Kisesa. Nimekataa. Akadhani nataka kupandishiwa malipo.

Benchi la Okech lilikuwa tupu. Suzana amemrudishia kitabu, Okech amekirudisha kwenye robota.

Jumamosi, 10 Desemba

Nimemwandikia Mayu Ng'washi barua kupitia kwa binti yake, kisha nikakumbuka kwamba atasomewa na mkwewe mbele ya watu. Nimeichana.

Jumamosi, 17 Desemba

Kila ninapopita wananiamkia. Watu wazima! Leo asubuhi yule mwanamke wa daftari, aliyesema sote tunapika kwa kuni, amenigongea mlango akiwa na furushi la majani ya maboga, mabichi, bado yana umande. Ni ya kwanza kutoka shambani kwake.

"Pokea, fundi. Bila picha yako tusingemjua."

Nilimwambia, mama, nisikilize. Nikamweleza habari ya kitabu, habari ya kipa, habari ya moshi na macho. Nilieleza vizuri, bila kugugumia, kama nilivyotakiwa kueleza kiwanjani. Alinisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa huruma.

"Una moyo mwema wewe," akasema. "Hata yeye unamtetea."

Akaniwekea furushi mikononi akaondoka, akiruka madimbwi. Nilisimama mlangoni nikaliangalia. Nilidhani nitalitupa. Kufika saa sita njaa iliniuma, nikayamenya, nikayapika kwa karanga na ugali, nikala sahani nzima, na naona aibu kuandika kwamba yalikuwa matamu.